Barua kwa mwanangu: jicho la moyo halilazimishwi

Mwanangu kipenzi,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Huku Lamu tu wazima, alhamdulillahi, na bibi yako anakusalimu sana. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza nikaurudia. Unasema kila usiku baada ya Isha wajifungia chumbani, wazima taa, wavuta uradi kwa maelfu mpaka karibu na alfajiri, na mchana umefunga. Sasa ukifumba macho waona nuru, na waniuliza kama huko ndiko kufunguliwa basira, yaani jicho la moyo.

Kwanza nakuombea dua. Kijana wa umri wako kumtafuta Mola wake usiku ni neema, na sitaki neno langu lolote likuvunje moyo. Lakini nuru hiyo, mwanangu, siwezi kukuthibitishia ni kitu gani, wala wewe huwezi. Mtu asiyelala na asiyekula vizuri huona mengi.

Bwana Mtume (s.a.w.) aliingia msikitini akakuta kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akauliza ni ya nini. Akaambiwa ni ya Zainab, akichoka kusimama katika sala huishika ajizuie asianguke. Akasema ifungueni, mtu asali akiwa na nguvu zake, akichoka aketi. Hebu itazame kamba ile. Aliyeifunga ni mke wake Mtume, aliyeifunga kwa mapenzi ya ibada, ndani ya msikiti wake Mtume, na bado ikaamrishwa ifunguliwe.

Kisa cha masahaba wawili, Salman na Abu Dardaa, umekisoma madrasa, kwa hiyo sirefushi. Abu Dardaa alikuwa akifunga mchana na kusimama usiku. Alipomletea Salman chakula, Salman alimwambia sili mpaka nawe ule, usiku akamwambia lala, na ulipofika mwisho wa usiku ndipo wakaamka wakasali pamoja. Salman akamwambia: Mola wako ana haki kwako, nafsi yako ina haki, na watu wako wana haki. Mtume alisema Salman kasema kweli.

Najua utanijibu kwa Imamu Ghazali, yule mwanachuoni mkubwa, kwamba naye alijitenga. Ni kweli. Mwaka 1095 aliiacha Baghdad na cheo chake cha ualimu, akaenda Sham, akawa anapanda mnara wa msikiti wa Damascus na kujifungia humo. Lakini angalia alikuwa nani alipofanya hivyo. Alikuwa bahari ya elimu, na kilichomtoa ni kuona kwamba anafundisha kwa ajili ya sifa. Alikuwa anakimbia kutazamwa. Kabla ya kuondoka aliweka kando riziki ya kuwatosha watoto wake, na baadaye akaandika mwenyewe kwamba wito wa watoto wale ndio uliomvuta kurudi kwao. Mimi kama mzazi hapo ndipo ninapompenda zaidi.

Sasa nikwambie kilichonishtua, maana si nuru. Katika ujumbe ule ule umesema mwenzako wa chumbani ni mtu wa dunia, moyo wake umekufa, huwezi hata kula naye sahani moja. Mwanangu! Kijana yule ndiye aliyekupeleka hospitali ulipopata malaria, akakesha nawe. Mwenyezi Mungu katuambia katika Suratul Hajj kwamba si macho yanayopofuka, bali ni nyoyo zilizomo vifuani. Jicho la moyo likifunguka, kitu cha kwanza linachokuonyesha ni aibu zako wewe. Uradi unaokufanya uwaone wenzako wachafu, huo usiuamini hata kama chumba kizima kinang'aa. Imepokewa kwa Abu Yazid Bistami, mmoja wa masufi wa kale, kuwa ukimwona mtu anaruka angani usihadaike naye, mpaka umtazame anashika vipi maamrisho na makatazo.

Wewe umekulia karibu na msikiti wa Riyadha. Kila Maulidi wageni wakija huwasikia watu wakisimulia karama, yaani maajabu, za Habib Swaleh, sheikh aliyeuasisi, na mimi sizikatai. Ila ninalolipenda mimi ni hili: alikuja hapa kutoka Ngazija, akawakalisha darasani watoto wa watumwa na watu ambao mji ulikuwa hauwahesabu, na wagonjwa akawatibu kwa dawa. Utumwa katika pwani yetu hii ulifutwa kisheria mwaka 1907, na yeye alikuwa ameshaanza kuwafundisha. Mji mzima una macho, wanaona watumwa. Yeye anaona wanafunzi. Ukiniuliza basira ni nini, nitakuonyesha hilo kabla ya nuru yoyote.

Na jambo la mwisho, ambalo nalifikiria sana tangu nikusikie. Mtume alikuwa na waadhini wawili. Bilal alikuwa akiadhini usiku bado, na mwingine, Ibn Ummi Maktum, ndiye aliyeadhini alfajiri ikiingia, watu wakaacha kula daku. Naye alikuwa kipofu. Kipofu ndiye aliyekabidhiwa kuutangaza mwanga! Haadhini mpaka aambiwe: kumekucha, kumekucha. Hakukisia, wala hakusema moyo wangu umeniambia. Alingoja wenye macho wamwambie, na Madina nzima ikaifuata sauti yake. Katika njia hii sote tu vipofu, mwanangu, na wewe umekaa peke yako gizani bila mtu wa kukwambia kama kumekucha ama bado.

Kwa hiyo nakutaka ufanye hivi. Uradi ule ulioutoa kwenye simu, uache. Shika Ratibu ya Haddad, zile dhikri na dua, kama tulivyokulea nayo, uisome na watu msikitini baada ya Isha, kisha ulale. Ukiamka kabla ya alfajiri, rakaa mbili za uchangamfu zitakutosha. Mtume katwambia amali anayoipenda zaidi Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu japo ni kidogo. Funga Jumatatu na Alhamisi tu, na ule daku. Mtafute sheikh wa msikiti wa hapo ulipo, umweleze kila kitu, pamoja na nuru. Akikwambia endelea, endelea kwa idhini yake. Akikwambia acha, acha. Mbali na yeye usimsimulie mtu mwingine ulichokiona, wala usikae ukikingoja kirudi.

Mwenzako mwombe radhi leo, usingoje kesho. Nimekutumia pesa kwa M-Pesa, zinatosha kununua samaki na mchele wa watu wawili. Pika mle pamoja. Na mitihani iko karibu, masomo usiyawache. Ukishaonana na sheikh nipigie uniambie alivyokwambia, hata ikiwa ni usiku.

Ni mimi mama yako.