Mfongo wa Kibosho haujahama

Arusha, Jumapili jioni

Kaka Elia,

Habari za Kibosho? Huku wazima, mvua tu imetufungia ndani. Picha za ramani nimezipata, na yale maneno makali kuhusu Baba Nee pia, kwamba ameuhamisha mfongo (mfereji wetu wa maji) kwa kuwa kwenye simu hauangukii pale ramani ya zamani ya mzee inapouonyesha. Usiende kwa mtendaji kwanza.

Gridi (mistari ya miraba) ya ile ramani ya zamani ya 1:50,000 ni ya Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupimia mahali. Simu yako inasoma WGS 84, mfumo wa GPS. Ukizitia namba za ramani kwenye simu hivihivi, kila kitu kinaruka karibu mita 300 kaskazini na kama 90 magharibi. Kwenu kaskazini ndiko juu mlimani, kwa hiyo umeyapandisha maji mlima! Mita 300 hapo ni vihamba (mashamba ya nyumbani) vingapi?

Acha picha za simu, zinapinda mistari. Tafuta skana kubwa, nukta 300 kwa inchi. Kila nukta itakuwa kama mita 4 ardhini. Kwenye QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, chagua Arc 1960, UTM kanda ya 37 kusini, namba 21037. Alama zako za kuifunga picha kwenye namba za ramani ziweke kwenye makutano ya gridi, si kanisani wala darajani: pembe nne, katikati, na pande zote mbili za kila mkunjo, maana karatasi hunywea na kutanuka. Zikifika kumi inatosha. Kisha programu ibadilishe kwenda WGS 84, wewe usijumlishe kitu kwa kalamu.

Tukizungumzia kalamu: ule mstari wa buluu uliouzungushia wino mwekundu (ramani ya mzee, jamani!) sidhani ni mfongo. Unakata kontua (mistari ya mwinuko sawa) moja baada ya nyingine kuteremka, huo ni mto. Mfongo hutambaa ubavuni, karibu sambamba na kontua. Na usipouona usishangae: ramani ilitokana na picha za ndege, na chini ya migomba mfereji mwembamba hauonekani kutoka juu.

Hata ukipatia yote, mstari wa nusu milimita ni mita 25 ardhini. Utamshtaki Baba Nee kwa wino?

Pembeni wameandika picha za ndege ni za mwaka gani (si mwaka wa kuchapwa)? Kontua ni futi au mita? Banio la zamani, pale maji yanapochepushwa mtoni, bado lipo? Wazee wa zamu za maji umewauliza, au umeanza na simu? Na mzee ameshaiona ramani yake?

Wako,
Joshua