Nimekiona chombo chako

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, najua wangoja jawabu langu tangu Ijumaa. Babako alishakupa ruhusa ya kusafiri nao baharini hadi Bara Hindi, mimi nikasema hapana. Leo asubuhi nimekwenda Mtwapa peke yangu kuitazama hiyo skuna, chombo chao cha matanga, na sikukwambia kwa sababu sikutaka unisimamie ukinipamba kwa maneno.

Wenye chombo walinipokea vizuri. Nikavua viatu, nikawaomba wanifungulie mbao za sakafu niione ngama, pale chini maji yanapokusanyika. Walitazamana, kisha wakafungua. Maji yaliyokuwamo hayajazi hata kopo, na hayanuki.

Wameiunda kwa mikono yao, na inaonekana. Mataruma, mbavu za chombo, ni ya mwaloni, mti wa nchi za baridi. Mbao za ubavuni ni mvule. Niliutambua kwa kuupapasa kabla hawajaniambia, maana nimekulia kwenye vumbi lake karakanani kwa babu yako. Halafu nikauliza habari ya misumari. Mwaloni una ukakasi unaokula chuma, na chuma chenyewe kikishika kutu hugeuza mti mweusi na laini kama keki iliyolowa. Wao wametumia bronzi kuanzia mkukuni, mti wa chini kabisa, hadi juu. Hapo nilikaa kitako kwenye sitaha nikapumua.

Jahazi la mjomba wako halikuzamishwa na dhoruba, ingawa ndivyo tulivyokueleza ulipokuwa mdogo. Lilikuwa na misumari ya chuma, na kutu ilikuwa imeanza kutiririka ubavuni miaka miwili kabla. Kila mwaka tulipaka rangi juu yake. Mimi mwenyewe nilishika brashi. Siku hiyo bahari ilikuwa shwari, karibu na Shimoni, ubao mmoja ukafunguka, na kabla ya adhuhuri chombo hakipo. Watu waliokolewa wote, alhamdulillahi, lakini mjomba wako hakurudi tena baharini. Ndiyo sababu nilisema hapana, si kwa kuwa nakuona mtoto.

Matanga yake nayo nimeyaelewa. Unakumbuka jahazi likitaka kugeuza upande: foromali, mti unaobeba tanga, lazima isimamishwe, ipitishwe mbele ya mlingoti, tanga lizungushwe na kila mtu awe kwenye kamba. Skuna ina milingoti miwili, wa nyuma ndio mrefu, na tanga limegawanywa vipande ambavyo watu wawili wanaweza kuvishika. Ikibisha, yaani ikigeuza upande, omo yake, pua ya chombo, hupita kwenye upepo na matanga makubwa huhama yenyewe. Upepo ukizidi, mnapunguza kitambaa kidogo kidogo badala ya kupigana na tanga moja kubwa usiku. Kwa safari ya watu wanne, hiyo ni rehema.

Wameniambia mwaelekea Kochi, kusini mwa Bara Hindi, maili 2,300 na zaidi za baharini. Mkienda mwendo wa maili tano kwa saa, ni siku ishirini hivi bila kuona nchi. Mwaka 1498 rubani aliyepewa Vasco da Gama kule Malindi alimvusha hadi pwani ya Kalikuti kwa siku zinazokaribia hizo, lakini wao waliondoka Aprili, kusi, upepo wa kusini, inaanza. Ninyi mwaondoka na demani, kusi imeshalegea, na kaskazi itawarudisha kuanzia Desemba. Wakikwambia muondoke Juni au Julai, kataa. Kusi ya miezi hiyo huko juu, upande wa Arabuni, haina masihara, na manahodha wetu walikuwa wakiyapandisha majahazi pwani wakati huo.

Ukifika Kochi, omba siku mbili upande hadi Beypore, karibu na Kozhikode, ndiyo hiyo Kalikuti. Huko bado waunda vyombo vikubwa vya msaji kwa mkono, bila kuchora ramani ya karatasi, kama babu yako alivyokuwa akiunda kwa jicho na uzi. Simama uwatazame wakikalafati, wakiziba nyufa za mbao. Ningelitamani kuiona kazi hiyo mimi mwenyewe.

Kila asubuhi, ukishaswali, fungua ngama uangalie. Maji yakizidi ya jana, sema siku hiyo hiyo, hata kama mwenye chombo amelala. Usione haya. Ukiona mstari mweusi au mwekundu kwenye mbao, usikubali upakwe rangi mpaka mjue unatoka wapi.

Nenda, mwanangu, radhi zangu ziko nawe. Ile patasi ya babu yako ya kukalafatia, aliyoitumia maisha yake yote, nimeitia chini ya nguo zako, upande wa kulia wa begi. Nimeifunga kwa kitambaa chenye mafuta. Ukiitumia, ipanguse maji ya chumvi kisha uifunge tena hivyo hivyo.

Mamako