Kinanda cha MIDI hakina sauti yake

Mhariri,

Wauzaji wa ala hapa Kisumu, waelezeni wateja kwamba kinanda cha MIDI hakitoi sauti. Hutuma maagizo ya noti tu, na programu ya kompyuta ndiyo inayolia. Vitufe 25 vinatosha kupanga midundo. Anayepiga besi ya benga kwa mkono wa kushoto na kordi kwa wa kulia achukue 61.

Sauti ikichelewa, kinanda hakina kosa. Kwenye Windows tumia draiva ya ASIO (programu inayopitisha sauti haraka), kisha shusha bafa, yaani akiba ya sauti ambayo kompyuta huandaa kabla ya kuicheza, kutoka sampuli (vipande vidogo vya sauti) 512 hadi 128: kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, ucheleweshaji wa bafa wa milisekunde 12 hivi unakuwa 3. Sauti ikikwaruza, pandisha bafa hadi 256. Pedali ya kurefusha noti ikifanya kazi kinyume, huenda ilikanyagwa wakati wa kuwasha. Chomoa USB, ondoa mguu, chomeka tena.

Watayarishaji muziki,
Kisumu