Ile nyumba ya Mbagala, tusikimbilie

Birmingham

Kaka yangu mpendwa, shikamoo.

Natumaini mama anaendelea vizuri na sukari imetulia. Sisi huku wazima, ni baridi tu.

Picha za nyumba ya Mbagala nimezipata. Inapendeza, vigae vipya, wapangaji wanne wamo tayari. Lakini kaka, nakuomba sana, tusinunue kwa hesabu ya dalali.

Yeye anasema kila mpangaji analipa 120,000 kwa mwezi, yaani 5,760,000 kwa mwaka, kwa hiyo milioni 65 za bei ya nyumba zinarudi ndani ya miaka 11 na ushee. Hesabu hiyo haina mpangaji aliyehama wala bomba lililopasuka. Mimi nimetoa mwezi mmoja mtupu kwa kila mpangaji, nikatoa asilimia 10 ya kodi ya TRA, nikatoa 700,000 za rangi, mafundi na gari la kunyonya choo. Inabaki milioni 4 na kidogo. Hapo fedha yetu inarudi baada ya miaka 16, na bati kufikia wakati huo litakuwa limechoka. Ni asilimia 6 tu kwa mwaka, wakati hatifungani za serikali za miaka 20, yaani kuikopesha serikali kupitia Benki Kuu, zimekuwa zikilipa zaidi ya 10. Cha kufidia ni ardhi kupanda thamani, ndiyo maana vigae havinishughulishi.

Na hiyo ardhi ndiyo inanitia wasiwasi. Tazama picha ya tatu, ukuta wa nyuma: rangi imebabuka kuanzia chini mpaka usawa wa goti, na mstari umenyooka. Hiyo ni alama ya maji. Nenda siku ya mvua kubwa bila dalali, ukae kwa mama lishe wa jirani, umuulize masika maji yanafika wapi. Angalia pia kama kila mpangaji ana mita yake ya LUKU. Wakichangia moja, ugomvi wa umeme utakuwa unaamuliwa na wewe kila wiki.

Halafu hati. Karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa hainitoshi. Upekuzi ufanyike ofisi ya ardhi, tujue kama kiwanja kimepimwa, kama kimewekwa rehani benki, na kama kiko nje ya hifadhi ya barabara. Kimara mwaka 2017 uliona mwenyewe nyumba za watu zilivyobomolewa kupisha barabara ya Morogoro. Mke wa muuzaji naye asaini ridhaa mbele ya wakili.

Muuzaji akishuka mpaka milioni 45, na ikathibitika maji hayaingii, nitatuma fedha. Akikataa, tuanze msingi kwenye kiwanja chetu cha Chanika, chumba kimoja kimoja, kama ulivyosema mwanzo. Advansi usimpe hata shilingi kabla ya upekuzi.

Msalimie sana mama, shemeji na watoto.

Mdogo wako