Mkono Mmoja Haulei Mwana: Wito wa Harambee kwa Ajili ya Familia Zinazolea Watoto wa Wenzao

Wapendwa waumini, majirani, wana wa Kaloleni mlioko Mombasa, Nairobi na ng'ambo, pamoja na marafiki wote wa kanisa letu,

Kamati ya Malezi inawaalika kwa heshima kwenye harambee itakayofanyika katika uwanja wa kanisa Jumapili ya mwisho ya mwezi wa Novemba, mara baada ya ibada ya pili. Tunakusudia kuchanga shilingi 1,500,000, na tungependa mjue mapema fedha hizo ni za nini, kwa kuwa safari hii hatuwaombi mchango wa ujenzi. Hakutakuwa na jiwe la msingi wala kibao chenye majina ya wafadhili. Fedha zote zitakwenda katika nyumba 22 za kawaida, nyingine za mawe na mabati, nyingine za udongo na makuti, ambamo watoto 31 wanalelewa na watu wasiowazaa.

Baadhi yenu mmetuuliza kwa nini kanisa lisijenge makao ya watoto, kama yalivyojengwa mengi katika ukanda huu wa Pwani. Swali hilo ni la haki. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya malezi na ulinzi wa wazazi. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikatambua waziwazi njia za kumlea aliyekosa wazazi, zikiwemo malezi ya jamaa, ulezi wa muda, kuasili na kafala. Na mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi, wa mwaka 2022 hadi 2032, umeazimia kuwatoa watoto kwenye taasisi na kuwarudisha katika familia na jamii. Tena, tangu Serikali iliposimamisha mwaka 2014 uasili wa watoto wa Kenya kwenda nchi za nje, familia za humu nchini ndizo tegemeo la mtoto anayehitaji wazazi wapya. Lakini hata kama sheria isingesema lolote, sisi tungesimama hapa hapa. Tunawaheshimu wanaofanya kazi katika makao ya watoto, na tunajua kwamba wengi wao hutoa zaidi ya wanacholipwa. Hata hivyo mlezi wa makao hufanya kazi kwa zamu, na zamu yake inapokwisha mtoto hubaki na mtu mwingine. Mtoto anahitaji mtu mmoja anayejua kwamba yeye huogopa radi, kwamba maharagwe humwumiza tumbo, na kwamba akinyamaza sana huwa ana homa.

Kati ya nyumba hizo 22, nyumba 14 ni za jamaa: mabibi walioachiwa wajukuu, mashangazi, wajomba, na kaka mmoja aliyebaki kuwa baba wa wadogo zake. Nyumba nne ni za ulezi wa muda, yaani watu ambao afisa wa watoto huwakabidhi mtoto wakati mzazi wake ni mgonjwa, amefungwa, au bado anatafutwa. Mbili ni za wazazi walioasili, na mbili zilizosalia ni za majirani zetu Waislamu wanaolea kwa kafala, ambayo humpa mtoto nyumba na matunzo huku akibaki na jina na nasaba ya baba yake. Hao nao ni wenzetu katika kazi hii, na tunahesabu mahitaji yao pamoja na ya wengine.

Furaha iliyomo katika nyumba hizi ni kubwa, ila haifanani na ile ambayo watu huitarajia. Mtoto anapofika hakumbatii mtu wala hashukuru. Aliyezoea kulala na njaa huficha ugali chini ya mto hata baada ya miezi mingi ya kula akashiba, na mama mlezi anayekuta siafu kitandani inambidi ajifunze kutogomba. Mwingine hukojoa kitandani akiwa na miaka kumi. Mwingine huamka usiku mara kwa mara kuhakikisha kwamba watu wa nyumba bado wapo. Watoto wa kuzaliwa humo nao huumia, kwa sababu viatu vilivyokuwa vyao vimekwenda kwa mgeni, na uvumilivu wa mama, ambao hapo awali uliwatosha, sasa unagawanywa. Halafu siku moja yule mtoto aliyekuja bila kusema neno anakwenda jikoni kushtaki kwamba kaka amemnyang'anya embe. Wazazi walezi wote wanaijua siku hiyo, na huisimulia katika mikutano yetu kwa furaha kuliko siku ya kwanza mtoto alipowaita mama au baba, kwa maana anayeshtaki ameshaamini kwamba yuko mtu wa kumsikiliza.

Ulezi wa muda una uchungu wake ambao hausemwi sana: ukifanikiwa, mtoto anaondoka. Mama yake anapona, au anatoka gerezani, au bibi yake anapatikana huko Ganze, na afisa wa watoto anakuja kumchukua. Hilo ndilo lililokuwa likiombewa tangu mwanzo, na mlezi huliombea kwa moyo wake wote, kisha hulia kama aliyefiwa. Kwa sababu hiyo tumetenga shilingi 240,000 kwa ajili ya mshauri nasaha atakayekutana na walezi na watoto kila mwezi kwa mwaka mzima. Wapo walioona kwamba fungu hilo lingeweza kupunguzwa. Tumelijadili kwa kina na tumekubaliana lisiguswe, kwa sababu mlezi aliyeumia na kukosa wa kumwambia hapokei mtoto wa pili, na nyumba iliyo tayari kupokea mtoto usiku wa manane haipatikani kwa urahisi. Wanaume walezi ndio waliosisitiza zaidi mikutano hiyo iendelee, na kwa hilo tunawashukuru.

Mahitaji mengine ni ya kushikika. Fungu kubwa zaidi, shilingi 432,000, ni la maziwa na lishe ya watoto wachanga sita kwa mwaka mmoja. Akina mama mnajua kwamba kopo moja dogo hupita shilingi 1,000 na halimalizi wiki. Tunatarajia kupokea watoto wapya 12, na kila mmoja atahitaji kitanda, godoro, chandarua, mashuka na nguo za kuanzia, jumla shilingi 216,000. Watoto 25 wako shuleni, na ingawa elimu ya msingi haina karo, sare, viatu na vitabu vyao vitagharimu shilingi 225,000. Shilingi 79,200 zitalipia mchango wa mwaka wa bima ya afya ya SHA kwa nyumba zote 22, kwa kiwango cha chini cha shilingi 300 kwa mwezi, ambacho mtu asiye na mshahara hutakiwa kukilipa kwa mkupuo.

Shilingi 150,000 ni za nauli, viapo, gharama za mahakamani na vyeti vya kuzaliwa. Fungu hili halivutii macho ya mchangiaji, nalo ndilo linalokwamisha watu wengi. Mtoto asiye na cheti hupata taabu kila anapofika, shuleni na hospitalini, na bibi anayefuatilia cheti hicho hupoteza siku nzima za shamba akizunguka kati ya chifu, ofisi ya usajili na polisi. Kiasi kinachosalia, shilingi 157,800, ni akiba ya dharura. Baadhi ya familia zetu hupata ruzuku ya Inua Jamii ya shilingi 2,000 kwa mwezi, nasi tumeizingatia katika bajeti hii ili mchango wenu uende kule ambako hakuna msaada mwingine.

Tunaomba pia mambo mawili yasiyo ya fedha. La kwanza ni kwamba hatutaonyesha picha za watoto siku ya harambee, wala hakuna mtoto atakayesimamishwa mbele kueleza yaliyompata, tafadhali msituombe. La pili ni neno "mtoto wa kuokota", ambalo bado linasikika kisimani na hata hapa uwanjani baada ya ibada. Watoto hulisikia. Kila mmoja wao ana jina, na sasa ana nyumba, basi aitwe kwa jina lake na kutajwa kwa nyumba yake.

Kadi za mchango zinapatikana kwa wazee wa kanisa na kwa viongozi wa vikundi vya kina mama, vijana na wanaume, na zirudishwe kwa mweka hazina kabla ya Jumatano inayotangulia harambee. Walio mbali watumie nambari ya Paybill iliyochapishwa kwenye kadi, na katika sehemu ya akaunti waandike MALEZI. Mahindi, maharagwe, vitanda vilivyo imara na nguo safi vitapokelewa ofisini siku za kazi. Mafundi seremala na mawakili wanaoweza kutoa siku moja ya kazi yao watatusaidia kama aliyetoa fedha. Hesabu ya kila shilingi itasomwa kanisani Jumapili ya kwanza ya Januari na kubandikwa mlangoni, na yeyote aliyechangia, awe muumini au la, ana haki ya kuuliza.

Wanandoa au mtu mmoja mmoja anayefikiria kufungua nyumba yake kwa mtoto, hata kama bado ana mashaka, anakaribishwa kuzungumza na kamati siku hiyo hiyo chini ya mwembe ulio nyuma ya ofisi. Afisa wa watoto amealikwa kueleza taratibu, na wazazi walezi wawili watakuwepo kujibu maswali.

Wenu katika huduma,
Kamati ya Malezi