Barua kwa wanangu mnaoandika mkiwa ughaibuni

Assalamu alaykum wanangu. Mjukuu wangu kanisomea hadithi zenu kwenye simu usiku mzima, maana macho yangu siku hizi hayawezi herufi ndogo, hizo za majini na masultani na zile mlizoandika za utoto wenu kabla hamjasafiri. Wallahi nimefurahi, pahala pengine nikalia. Lakini lipo jambo limenikaa rohoni, na nisipokwambieni mie atakwambieni nani.

Kila hadithi inaanzia kasri, inaishia kasri. Wengi wenu naona mmemfuata Bibi Salme, binti wa Sultan Said wa Zanzibar, na mna haki, yule mtoto wa kasri la Mtoni kazaliwa 1844, kajifunza kuandika kwa siri, ananakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, akaondoka Unguja 1866 na miaka ishirini baadae akatoa kumbukumbu zake kwa Kijerumani, mpaka tausi wa uani kwao kawataja. Jicho hilo mchukueni kwake. Ila alipofika kwenye watumwa akautetea utumwa wenyewe, hapo msimfuate wanangu, hapo hapana kabisa.

Nyie mna nafasi ya kutueleza waliobaki nje ya dirisha. Sisi huku Pemba tunamuhadithia Mkame Ndume, mtawala wa zamani aliyejenga ngome ya Pujini, kisima chake kimetiwa ukuta kati ili wake zake wawili wasionane wakigombana, basi nyote mnaandika hao wake wenza. Na wale waliokuwa wakibebeshwa mawe ya ngome, wazee wetu wanasema wakiburuzwa waende kwa makalio na jiwe wamelipakata, mbona hakuna hata mmoja aliyempa mtu huyo jina? Jini lenu mngelimtia kifuani mwake yeye, likasema naye usiku, mie ningelisoma mara tatu.

Na karafuu jamani. Mmoja kaandika wanachuma karafuu zilizokauka mtini. Hakuna kitu kama hicho. Zinachumwa mbichi, zinaletwa nyumbani kwa pakacha, halafu usiku tunakaa duara kuchambua, unavunja kishada kiganjani, karafuu huku, makonyo, yaani vile vikonyo vyake, kule, bibi yangu akifanya hivo huku anahadithia na wala haangalii mikono, vidole vinakuwa vyeusi vinawasha na hiyo harufu hata ule wali unaisikia. Asubuhi zinaanikwa kwenye jamvi, ikitanda mvua mtaa mzima unakimbia hata asiye na shamba. Hadithi zote nnazozijua nimezisikia kwenye kuchambua, si kasri wala chuoni.

Kwa hiyo kabla hamjapeleka kitabu kuchapishwa ulizeni, tafadhalini. Nitumieni voisi, lafudhi zenu zilizochanganyika na za huko hazinisumbui, mie ntakujibuni kila neno, jina la pakacha, jina la upepo, nani alikuwa akipika. Alasiri nipo barazani. Na atakaekuja msimu wa karafuu asilete zawadi, aje na nguo kuukuu tu, maana utomvu wa makonyo hautoki.

Bibi yenu, Wete