Mkutano hauchukui nafasi, mkutano hufanyika

Ndugu Mhariri,

Katika habari zinazofasiriwa kutoka Kiingereza, hasa za kimataifa na za michezo, kipo kitenzi kimoja kinachowaponza wafasiri kila wiki: "take". Mwenye haraka akikiona huandika "chukua", na msomaji anaachiwa sentensi kama "mkutano utachukua nafasi kesho mjini Nairobi", kutoka "take place". Nafasi ya nani? Kwa Kiswahili nafasi huchukuliwa kwa mwingine: kipa wa akiba huchukua nafasi ya kipa aliyeumia. Mkutano hufanyika, basi.

Tatizo ni kwamba "take" peke yake haina uzito mkubwa. Maana inabebwa na neno linaloifuata. Sisi nasi tunavyo vitenzi vya aina hiyo: piga, kula, kata, shika. Kwa hiyo mfasiri asitafute Kiswahili cha "take". Aanze na jina lililo mbele yake, kisha ajiulize jina hilo kwetu huandamana na kitenzi gani. Picha hupigwa, na penalti na kona pia hupigwa. Kiapo huliwa, na rushwa vilevile. Bima na tiketi hukatwa. Kisasi hulipizwa, joto la mgonjwa hupimwa, mtihani hufanywa, basi hupandwa.

Kwenye dawa kosa hili si la mtindo tu. Maelezo ya Kiingereza yanayoanza na "take" yakigeuzwa kuwa "chukua kidonge kimoja mara mbili kwa siku", mgonjwa anaweza kukichukua na kukiweka mfukoni, naye atakuwa hajakosea kusoma. Kidonge humezwa, dawa ya maji hunywewa, ya kupulizia huvutwa. Mfasiri lazima ajue dawa yenyewe ni ya namna gani kabla ya kuandika kitenzi, maana Kiingereza hakimwambii.

Yanafuata yale maneno madogo: off, in, up, on, over, out, after. Hapa ndipo wengi huanguka, kwa sababu wanafasiri vipande viwili kimoja kimoja. Kiingereza huweka nyuma ya kitenzi, kama neno la pekee, kile ambacho mara nyingi Kiswahili kimekiweka ndani ya kitenzi chenyewe. Sisi tuna vaa na vua, funga na fungua, ziba na zibua; wao huchukua kitenzi kilekile na kubadili mkia. Ndiyo maana "take off" ya viatu ni kuvua tu, bila kuongeza kitu. Lakini ya ndege ni kupaa, ya bei ni kupunguza, ya biashara ni kushika kasi, ya mtu aliyeona polisi ni kutimka. Mtenda au mtendwa ndiye anayeamua.

"Take in" ni mtego zaidi. Nchi ikifanya hivyo kwa wakimbizi, imewapokea. Fundi cherehani akiifanya suruali hivyo, ameibana kiuno. "Take up" ndiyo ya kupandisha pindo. Turudi kwa "take in": polisi wakimfanya mtu hivyo, wamemkamata kwa mahojiano. Na mtu akifanywa hivyo na tapeli, ameingizwa mjini. Sentensi mbili za mwisho, zikiwa katika habari moja ya mahakamani, zinaweza kumgeuza aliyelizwa kuwa mtuhumiwa.

Kwa siasa, angalieni "take over". Waandishi wa Kiingereza waliandika hivyo kuhusu Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2021, baada ya kifo cha Rais John Magufuli. Aliapishwa Machi 19 kwa mujibu wa Katiba, kwa hiyo aliingia madarakani. Kuandika kwamba "alitwaa madaraka" ni kumweka kapu moja na wanajeshi waliopindua serikali, ambao nao kwa Kiingereza huandikwa "take over" hiyohiyo. Kampuni ikiifanyia hivyo kampuni nyingine, imeinunua au imepata hisa za kuiongoza.

Kwa wanaojifunza kuandika Kiingereza chenyewe, kipimo ni kiwakilishi. Unaweza kusema "take off your shoes" au "take your shoes off", lakini ukitumia "them" ni lazima ikae katikati: "take them off". "Take off them" ni kosa. "Take after", yaani kufanana na mzazi, haikubali kupasuliwa: ni "she takes after him" tu, na Kiswahili chake kizuri ni "amechukua sura ya babake". Ona, hapo "chukua" imeingia yenyewe bila kulazimishwa. Ukijifunza kirai kipya, kiandike daftarini pamoja na "it" au "him" mahali pake. Ukikiandika kikavu utakisahau au utakikosea.

Kwa wapenda asili ya maneno: "take" ilitoka kwa Wanorse, watu wa Skandinavia ya kale, waliovamia Uingereza na kulowea huko. Kwao ilikuwa "taka", isichanganywe na taka yetu, nayo ilikifukuza kitenzi cha zamani cha Kiingereza "niman", ndugu wa "nehmen" ya Kijerumani.

Sisemi "chukua" ifutwe. "Kuchukua hatua" imeshaota mizizi, na "safari inachukua saa sita" haimsumbui mtu. Gari linachukua abiria 14, ukumbi unachukua watu 200, hayo ni yetu kabisa. Ila "take-home pay" iliyoandikwa "malipo ya kuchukua nyumbani" naomba wahariri wa habari za biashara waikate kabla haijafika kiwanda cha uchapaji. Ni mshahara unaobaki baada ya makato, na kila mfanyakazi anajua hivyo tarehe ya mshahara.

Mfasiri,
Morogoro